Salamu Zilizokula Muda Wetu Geneva

Vijana wa ofisi wameniomba niandike kumbukumbu zangu, ila wamenionya nisizidishe kurasa kwa sababu hawatazisoma. Walilisema hilo wazi, bila haya, huku wakinywa chai niliyoinunua mimi. Neema, ambaye sasa anakalia kiti changu na tayari amekishusha kwa kile kikono cha pembeni, ndiye aliyekuwa msemaji wao: "Mzee Deo, tuandikie ile ya Geneva. Mambo ya vyeo achana nayo." Vyeo vyenyewe havikuwa vingi, kwa hiyo tulikubaliana bila ugomvi.

Kazi ya haki za binadamu niliiingilia kwenye mlango wa duka. Nilikuwa nimechoka kufundisha darasa la tatu, na Wakili Zuhura alikuwa amefungua ofisi Majengo, hapahapa Sumbawanga, nyuma ya duka la vitenge la baba yake. Ili umfikie ilibidi upenye katikati ya majora ya vitambaa, na wapo wateja wetu waliokuja kudai haki wakaishia kuondoka na doti ya kitenge. Ukoo wao mzima ni wa maduka na mabasi. Yeye peke yake ndiye aliyesomea sheria, na baba yake alikuwa akiwaambia wageni kwa masikitiko kwamba binti yake ameajiriwa kusikiliza watu.

Siku ya kwanza nilifika na tai, nikitegemea kukabidhiwa Katiba. Wakili Zuhura alinikabidhi chupa ya chai na kunionyesha benchi lililojaa akina mama. "Mwalimu, wasikilize hao," aliniambia. "Usiandike kitu mpaka wamalize vikombe vyao. Mtu akikuona unaandika anaanza kukwambia anachodhani unataka." Nilivua tai kabla ya mchana. Kalamu niliitoa jioni, na yale niliyoyaandika siku ile bado ni bora kuliko mengi niliyoyaandika baadaye baada ya kuhudhuria semina.

Safari yangu ya kwanza ya kimataifa ilikuwa Kasesya. Msicheke. Wanaharakati wenzetu wa Zambia walikuja mpaka mpakani, nasi tukaenda kwa bodaboda kuwapokea, na kikao kilifanyika kwenye mgahawa wa madereva wa malori tukipiga kelele kushinda injini. Wenzetu wale walikuwa wamewahi kupeleka malalamiko nje ya nchi yao na wakajibiwa. Mimi sikuwa nimewahi kuwaza kwamba mtu wa Sumbawanga anaweza kuandikia taasisi ya dunia na ikafungua bahasha. Nilirudi nikiwa nimejaa vumbi na makuu.

Makuu hayo yalizaa waraka wetu wa kwanza. Niliuandika mimi, na nilianza na historia ya Ufipa kabla ya Wajerumani ili wasomaji wapate picha kamili. Ndani yake mlikuwa na maji, barabara, bei ya mahindi, wajane, na malalamiko yangu binafsi kuhusu uhamisho wa walimu. Baada ya miezi mingi tulijibiwa kwa adabu sana. Walitaka kujua mambo mawili: tumekwenda mahakama zipi za nyumbani, na tunaomba kitu gani hasa. Wakili Zuhura alisoma jibu lile, akacheka mpaka akashika meza, kisha akanifundisha jambo ambalo nawaachia ninyi bila malipo. Usiwaendee wakubwa wa dunia kabla hujagonga milango yote ya nyumbani na kubaki na uthibitisho kwamba uligonga. Na ukienda, nenda na ombi ambalo mtu mmoja, aliyekaa kwenye kiti kimoja, anaweza kulitekeleza kesho asubuhi.

Sasa niwaletee Mama Yustina.

Alitoka kijiji kimoja kule bondeni, njia ya kwenda Kaoze, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini na subira ya kuudhi. Yeye na mumewe walijenga nyumba ya tofali za kuchoma, wakafyatua tofali hizo kwa mikono yao wenyewe, na walikuwa na shamba la mpunga. Mume alipofariki, shemeji yake aitwaye Gaspari aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akasema kwamba kwa mila mjane harithi, na kwa kuwa watoto wa marehemu ni wasichana walioolewa, basi nyumba na shamba vinarudi kwenye ukoo. Ukoo wenyewe, kwa maelezo yake, ulikuwa ni Gaspari. Mama Yustina akahamia kwenye jiko la binti yake, akilala kando ya mafiga. Mahakama ya kwanza ilikubaliana na shemeji. Tukakata rufaa, na hapo jalada la kesi likapotea njiani kati ya mahakama moja na nyingine. Kila tulikouliza tuliambiwa liko kule kwingine. Wakati huo Gaspari alikuwa amepata mnunuzi, na alitangaza kilabuni kwamba mpunga ukishavunwa anauza vyote, nyumba na shamba.

Bahati ikaja kutoka mbali. Nchi yetu ilikuwa inakaribia kuhojiwa Geneva na kamati inayosimamia mkataba wa haki za wanawake. Kamati kama hizo, kabla ya kuihoji serikali, huwapa asasi za kiraia nafasi ya kupeleka ripoti yao na kusema kwa dakika chache. Tuliandika ripoti fupi. Safari hii Wajerumani hawakutajwa. Tulieleza jinsi sheria ya mila inavyowavua wajane nyumba zao, tukaweka kisa cha Mama Yustina kama mfano, na mwisho tukaweka maombi: sheria ibadilishwe, na jalada la mama huyu litafutwe ili rufaa isikilizwe. Wakubwa wa mtandao wetu wa asasi kule Dar es Salaam waliona ombi la jalada ni dogo mno kwa ukumbi mkubwa namna ile. Wakili Zuhura aliwajibu kwamba mama analala jikoni, na jiko lenyewe ni dogo pia.

Kabla ya kumpeleka tulimkalisha chini. Hili msiliruke hata siku moja, hata kama tiketi zimeshalipwa. Mtu anayesema mbele ya dunia atarudi kulala kijijini, na kule hakuna kamati. Tulimweleza kwamba tunaweza kumsemea bila kutaja jina lake, na kwamba Gaspari anaweza kukasirika. Tukapanga na masista wa parokia wawe wanampitia binti yake. Mama Yustina alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jina langu mlitaje. Nyumba ni yangu. Sasa jina nilifiche kwa nini, mimi ndiye niliyeiba?"

Mazoezi tuliyafanyia palepale nyuma ya duka. Muda tuliopewa ukumbini ulikuwa mfupi kama wa kuchemsha yai, tena yai hilo lilikuwa la kugawana: yeye aseme kwa Kiswahili, mimi nitafsiri kwa Kiingereza changu cha chuo cha ualimu. Tulinunua saa ya mezani yenye kengele kali. Kila asubuhi Mama Yustina aliingia, akachuchumaa kidogo pale mlangoni kama wafanyavyo Wafipa waliolelewa vizuri, akapiga makofi yale ya taratibu ya viganja vilivyopinda, akatuuliza tumeamkaje, watoto wameamkaje, wagonjwa wameamkaje, na mvua imefikia wapi. Sisi tukamjibu kwa makofi, tukamuuliza ya kwake. Yakiisha hayo tulikaa, tukanywa chai, halafu Wakili Zuhura akasema "Haya," akaitega saa. Na Mama Yustina alimaliza kabla ya kengele kila mara. Alikuwa hodari ajabu. Tulimsifu, tukajisifu, tukafunga mizigo.

Kuhusu safari nitasema machache. Wajumbe wengine kutoka Pwani walitetemeka kwa baridi ya Geneva tangu uwanja wa ndege, wakavaa nguo zao zote kwa mpigo. Sisi tuliozaliwa juu ya Ufipa tuliona ni mwezi wa saba wa kawaida, ila tu hapakuwa na mtu anayeuza mahindi ya kuchoma. Mama Yustina alibeba unga wa ulezi na migebuka mikavu, samaki wa ziwani kutoka Kasanga, na harufu ya migebuka ile ilitujulisha kwa majirani wote wa hosteli siku ya kwanza. Jibini nilionja mara moja na sina maoni.

Ukumbi ulikuwa mpana, na wajumbe wa kamati walikaa mbele, kila mmoja na kipaza sauti chake. Kilikuwa kikao cha wazi, kwa hiyo hata watu wa serikali mbalimbali waliruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza. Wa kwetu walikuwepo pia, wamevaa suti nyeusi, wakiongozana na bwana mmoja mnene kutoka wizarani ambaye tulikuwa tumeambiwa tumwogope kwa sababu ana majibu ya kila kitu. Tukaitwa. Tukakaa mezani, Mama Yustina katikati, mimi kulia, Wakili Zuhura kushoto na karatasi yetu. Taa ya kipaza sauti ikawaka.

Mama Yustina akasogeza kiti nyuma, akasimama, akachuchumaa, akapiga makofi.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Katika mazoezi yote yale, saa tuliitega baada ya salamu. Haikumjia akilini hata mmoja wetu, kwa sababu salamu kwetu hazihesabiwi kuwa ni maneno, ni kama kufungua mlango. Na sasa mama huyu alikuwa ameingia kwenye nyumba ya watu asiowajua, watu wazima na wenye heshima, na hakuna nguvu duniani ambayo ingemfanya aanze kudai nyumba kabla ya kujua wameamkaje.

"Mmeamkaje, wazee wangu," alisema. "Watoto mliowaacha nyumbani wameamkaje?"

Nikatafsiri. Ningefanya nini? Niliiambia kamati ya dunia kwamba mama huyu anauliza wameamkaje, na watoto wao pia. Mjumbe mmoja akavua miwani. Mama Yustina akasubiri ajibiwe, kama ilivyo haki yake. Mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, akainamisha kichwa na kusema wameamka salama, asante. Mama Yustina akafurahi, akaendelea na wagonjwa. Kisha akauliza mvua. Wakili Zuhura alikuwa anamvuta kitenge chini ya meza, naye alidhani kitenge kimenasa kwenye kiti, akakitoa taratibu na kuendelea.

Ndipo kutoka nyuma tukasikia makofi. Yalikuwa ya taratibu, ya viganja vilivyopinda, na baada yake sauti nzito ikajibu kwa Kifipa kwamba wote wameamka, na mvua imenyesha vizuri. Ukumbi mzima ukageuka. Yule bwana mnene wa wizara alikuwa amechuchumaa kati ya viti, suti imembana magotini, mikono bado imekutana kifuani. Nadhani yeye mwenyewe alishangaa kuliko sisi. Alikuwa mtoto wa Nkasi, hukohuko Ufipa, tulikuja kujua, na mtoto wa Nkasi akiamkiwa namna ile mikono yake haisubiri maelekezo ya wizara.

Taa ikazima. Muda ukawa umekwisha. Kuhusu nyumba, shamba, Gaspari na jalada, hatukuwa tumesema hata neno.

Nilitoka ukumbini nikiwa nimevunjika. Nasema kweli, niliingia chooni nikalia, mtu mzima mwenye mvi. Nilifikiria mafiga ya jikoni, na mpunga uliokuwa unakaribia kukauka, na watu wote waliochanga ili mama huyu avuke dunia kuja kuulizia mvua. Nilipotoka nilimkuta Mama Yustina kwenye benchi nje ya ukumbi, ametulia kabisa.

"Mama, hatukusema," nikamwambia. "Muda umeisha."

"Mwalimu, tumeshaamkiana," akasema. "Sasa watakuja waulize shida yangu. Mtu akishapokea salamu anamwachaje mgeni mlangoni?"

Nilitaka kumweleza kwamba Geneva si bondeni. Kabla sijapata maneno ya upole, yule bwana wa wizara akatokea, anatazama kushoto na kulia kama mwanafunzi anayetoroka shule. Jina lake lilikuwa Ndugu Sikombe. Akasimama mbele ya benchi, akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa nafsi yake, "Shikamoo, mama. Tumeamkiana. Haya, nambie kilichokuleta."

Mama Yustina akamwambia yote. Mume, tofali, shemeji, jiko, jalada. Ndugu Sikombe alisikiliza akiwa amechuchumaa tena, na safari hii aliifungua suti vifungo. Hakutoa ahadi. Aliuliza tu jalada lilionekana mara ya mwisho wapi, na Wakili Zuhura, ambaye alikuwa akilisubiri swali hilo tangu Majengo, akamtajia.

Saa ya chakula wajumbe wawili wa kamati walitutafuta. Walitaka kujua yule mama aliyewaamkia alikuwa na shida gani. Siku hiyo mashirika mengi yalikuwa yamesema, na yalisema vizuri, kwa haraka, na kwa takwimu, lakini mmoja wa wajumbe alituambia kwamba hakuna mwingine aliyewaulizia watoto wao. Tuliwapa karatasi yetu. Na ninyi vijana, msitoke ofisini bila karatasi yenu ya ukurasa mmoja, kwa sababu maneno mazuri ya kazi hii husemwa kwenye korido na kwenye foleni ya chai.

Siku ya serikali kuhojiwa, mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeuliza. Aliuliza kuhusu sheria ya mirathi kwa wajane, halafu akaongeza: na yule mama aliyetuuliza tumeamkaje, kesi yake imefikia wapi? Kiongozi wa ujumbe wetu akamgeukia Ndugu Sikombe, mtu wa majibu yote. Yeye akawasha kipaza sauti chake. Nilijua jibu la kawaida, nililisikia mara nyingi, lile la suala kuendelea kufanyiwa kazi. Alianza nalo. Alifika katikati, akamwona Mama Yustina amekaa nyuma na mikono yake magotini, akakohoa. "Mama huyo nimeongea naye," akasema. "Jalada lake litatafutwa, na kamati itapewa taarifa." Maneno hayo yakaingia kwenye kumbukumbu za kikao, na baadaye kamati ikayarudia kwenye mapendekezo yake.

Wengi hudhani kazi inaishia hapo, mkapiga picha mkarudi. Hapo ndipo inapoanza, na haina ndege. Tulichapa ukurasa ule wenye maneno ya Ndugu Sikombe, tukaupeleka kila ofisi tulikowahi kufukuzwa kwa upole, na kila mahali tukauliza swali moja tu: taarifa iliyoahidiwa ni ipi? Hakuna aliyemwelekeza hakimu la kuamua, wala hatukutaka hivyo. Tulitaka jalada. Likapatikana kwenye kabati lililokuwa limeegemezwa ukutani upande wa milango, na tuliambiwa hilo kwa uso mkavu kabisa. Mahakama ilizuia mauzo, mnunuzi wa Gaspari akanywea, na rufaa ikasikilizwa. Uamuzi ulisema nyumba na shamba vilipatikana kwa jasho la wote wawili, mume na mke, na mume hakuweza kurithisha ndugu zake jasho la mkewe. Mama Yustina akarudi kwake. Gaspari alituma watu kuomba yaishe, na yeye aliwapokea, akawaamkia kwa kirefu, kisha akakataa.

Sheria yenyewe bado inajadiliwa. Hiyo nawaachia, Neema na wenzako, pamoja na ile saa ya kengele. Ila mkimwandaa mtu, itegeni kabla hajapiga hodi.

Nilipostaafu mwaka huu nilifanyiwa sherehe nyuma ya duka, nikapewa blanketi, zawadi ya busara kwa mtu wa Sumbawanga. Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka bondeni kwa Mama Yustina. Miaka yote ya kazi nilikuwa nimefika kwake nikiwa na haraka, kuna saini, kuna shahidi, kuna tarehe ya mahakama, na salamu zake nilikuwa nazijibu huku nafungua begi. Safari hii nilimkuta kizingitini pake, juu ya ngazi ya tofali alizozifyatua mwenyewe. Akachuchumaa, akapiga makofi. Akauliza nimeamkaje, na mke wangu, na watoto, na wajukuu kila mmoja kwa jina lake, na wa ofisini, na Wakili Zuhura na miguu yake, na mvua ya juu kwetu. Nami nikachuchumaa, magoti yakalia, nikamjibu moja moja, nikamuuliza yake mpaka kuku.

Tulipomaliza akaniwekea kiti, akakaa, akaniuliza kama inavyotakiwa: "Haya, Mwalimu. Nambie kilichokuleta."



"Sina shida, mama," nikamwambia. "Nimekuja kukuamkia tu."

Akacheka, akaingia ndani ya nyumba yake kunitengenezea chai.